Mama mkwe katika boti ya mita mbili

WASOMAJI WANAULIZA, MAMA WA BANDARI ANAJIBU

*Mama wa Bandari, salamu. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Nguba hapa Bukavu. Binti yangu wa pili ameolewa Uingereza. Wazazi wa mume wake wametualika, mimi na mzee wangu, tukae nao wiki moja mwezi wa sita ndani ya boti ndefu nyembamba, tukitembea mitoni pamoja na rafiki zao wenye boti kama hiyo. Binti ametuma picha, chombo chenyewe ni kama korido. Mambo matatu yananinyima usingizi. Mdogo wangu alizama ziwani akitoka Idjwi, na tangu siku hiyo sijapanda tena chombo cha maji. Halafu nitalalaje mahali pamoja na mkwe wangu na wazazi wake, tutumie choo kimoja? Na Kiingereza sijui hata neno. Mzee anataka twende. Wewe ulishakwenda, niambie ukweli. — Mama wa Nguba*

Mama wa Nguba, pole kwanza kwa mdogo wako. Sitakuambia usiogope. Nilikata tiketi bandarini hapa Bukavu miaka 22, na kuna majina niliyoyaandika kwenye daftari asubuhi kwa mkono wangu, ambayo jioni tulilazimika kuyasoma tena mbele ya familia zao. Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama mbele ya bandari ya Kituku kule Goma, watu wakiona kwa macho kutoka ufukweni, nilikaa siku mbili bila kupika. Kwa hiyo nikikujibu kuhusu maji, najibu kama mtu anayeyajua maji yetu.

Maji ya kule ni mengine. Kivu ina kina cha karibu mita 480, na upepo wa alasiri ukianza unajua mwenyewe mawimbi yanavyosimama. Mifereji ya Uingereza iliyochimbwa kwa ajili ya boti hizi, sehemu nyingi haifiki kifuani mwa mtu mzima. Mito ina kina zaidi, tena ina mkondo na maji yake ni ya baridi hata mwezi wa sita, lakini kutoka katikati ya mto unaziona nyasi za kingo zote mbili, na ng'ombe wanakuja kunywa karibu nawe. Mwendo ni wa mtu anayetembea. Kwenye mifereji sheria inasema mwisho maili 4 kwa saa, kama kilomita 6 na nusu, na ukipita boti zilizofungwa ukingoni unapunguza tena ili usizitikise kamba zao. Kanoti ya mbio ya hapa ikiondoka asubuhi, mchana unakula Goma. Kule tulisafiri siku nzima, na jioni mlinzi wa loki, yaani mlango wa maji wa kupandishia na kushushia boti, akaniambia kwa gari ni robo saa tu.

Jile, koti la kuelea majini, uivae tangu unapokanyaga boti mpaka unapoingia ndani kulala, hata ukiona wenyewe hawavai. Mimi nilivaa siku zote saba na hakuna aliyenicheka. Kule niliona jile kwa kila mtu, za watoto kwa vipimo vyao, kavu, zinafunga vizuri, na kila niliposhika kamba zake niliwaza wale waliopanda kwangu bila hata moja.

Hatari ya kweli ya boti hizi si kuzama. Ni uzito. Boti yetu ilikuwa na urefu wa mita 17, chuma kitupu, tani zaidi ya 15. Inakwenda polepole mpaka unasahau kuwa haisimamishwi na mguu wa mtu. Basi usiweke kamwe mguu wala mkono kati ya boti na ukuta ukidhani utaizuia. Usiruke kushuka, ngoja iguse ukingo, halafu kanyaga. Na mtu akianguka majini, kitu cha kwanza ni kuzima mtambo, kwa sababu ya elisi, lile panga linalozunguka chini ya maji na kusukuma boti. Haya uyaseme kwa mzee wako mara mbili, wanaume wetu wanapenda kuruka.

Sasa habari ya kulala, ambayo naona ndiyo imekushika zaidi.

Boti ina upana wa mita 2 na sentimita 8 hivi kwa nje. Si kwamba walikosa chuma. Karne ya 18, mhandisi James Brindley na wenzake walipochimba mifereji ya katikati ya nchi, walijenga loki zenye upana wa futi 7, na tangu hapo kila chombo kinachotaka kupita mle lazima kiwe chembamba hivyo. Urefu wa juu kabisa ni mita 22. Ndani ni chumba, jiko, bafu, chumba, vimefuatana kama mabehewa, na njia ni moja tu. Anayelala katikati anapitiwa na wote.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawalali mahali wanaposikiana pumzi, na mimi sikukubali kuliacha hilo nyumbani eti kwa sababu nimepanda ndege. Nilimweleza binti yangu, naye ameolewa kule kama wako, mapema, kwa simu, miezi miwili kabla. Yeye akamweleza mume wake, mume wake akawaeleza wazazi, na hakuna aliyekasirika. Binti na mkwe wangu walilala kwenye boti ya rafiki wa familia, iliyofungwa kando ya yetu. Mimi na mzee tulipewa chumba cha mbele kabisa, kwa kuwa wa mbele hapitiwi na mtu na ana mlango wake wa kutokea. Wakwe wenzetu walilala nyuma karibu na mtambo. Katikati yetu palikuwa na jiko na bafu, na milango miwili. Niliona heshima imetosha. Wewe pia sema mapema. Ukisubiri kufika utavumilia wiki nzima, na uvumilivu wa namna hiyo unaonekana usoni.

Choo ni chombo chenye sanduku chini yake. Kila baada ya siku mbili au tatu mtu analitoa kama sanduku la nguo na kwenda kulimwaga mahali palipotengwa, penye bomba la kusuuzia. Hakuna kinachoingia humo ila cha mwili na karatasi yake. Maji ya kuoga yako kwenye tangi, yanajazwa kwenye vituo. Lowesha mwili, funga bomba, jipake sabuni, fungua tena. Sisi tuliozoea kuchota maji Kadutu kwa bidoni hatuhitaji kufundishwa hilo.

Jambo moja la ndani ya boti lilinigusa. Ukutani kuna kidude kidogo kinacholia hewa ya sumu ya moto ikijaa. Mwaka ule niliokwenda, 2019, ndipo kilipokuwa lazima kwa kila boti yenye mahali pa kulala. Ni hewa ileile inayotuulia watu hapa, mtu akiingiza mbabula, jiko la makaa, ndani ya nyumba usiku wa baridi na kufunga madirisha. Nilimwomba mkwe wangu ninunuliwe kimoja, na hadi leo kiko chumbani kwa wajukuu.

Kuhusu lugha, acha nikueleze ilivyokuwa, maana hapa ndipo nilipokosea mwanzoni.

Tulianzia St Ives, mji mdogo ulio kwenye mto Great Ouse, mashariki mwa Uingereza. Daraja lake ni la mawe, la karne ya 15, na katikati ya daraja lenyewe wamejenga kanisa dogo, liko juu ya maji kabisa. Tulipopita chini yake nilipiga ishara ya msalaba, na mkwe mwenzangu, mama wa kijana, aliniona akatabasamu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku ya kwanza. Tulipanda mto kuelekea Huntingdon. Nilikaa mbele kwenye kiti, kikwembe changu kizuri, mikono mapajani, kama ninavyojua mgeni wa heshima anavyokaa. Waliniletea chai. Wakaniletea tena chai. Siku ya pili vilevile. Binti yangu alikuwa anatafsiri mpaka akachoka, na jioni nilimwambia mzee kuwa nataka wiki iishe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu tulikuwa tunarudi, tukafika Houghton, penye kinu cha zamani kinachosaga ngano kwa nguvu ya maji mpaka leo. Pale mto unashuka, na chombo hakiwezi kushuka maporomoko, kwa hiyo kuna loki. Loki ni sanduku la mawe lenye mlango kila upande. Boti inaingia, unafunga nyuma yake, unafungua vilango vidogo vya chini, maji yanatoka taratibu na boti inashuka nayo kama mtu anayeketi. Maji ya ndani yakilingana na ya nje, mlango unakubali. Kabla ya hapo hata wanaume kumi hawausogezi.

Mkwe mwenzangu alishuka ukingoni, akaniangalia, akaninyoshea manivela, chuma kilichopinda kama kile cha kuwashia lori za zamani. Hakusema neno. Nikashuka. Akanionyesha mahali pa kuichomeka, jinsi meno yanavyokamata, na kile kishikio kinachozuia yasirudi. Kisha akagonga manivela kwa kidole na kutikisa kichwa kwa nguvu: usiiache hapa. Nilielewa. Kishikio kikiteleza, manivela iliyoachwa inazunguka yenyewe na kuvunja mkono wa mtu. Nikazungusha. Nilisikia maji yakinguruma chini ya miguu yangu. Kisha tukageuka, tukaegemeza migongo yetu kwenye boriti ya lango, mimi na yeye, tukasukuma kwa visigino. Lango liliposogea alicheka kwa sauti, nami nikacheka, na kuanzia hapo hatukumhitaji binti yangu tena ila kwa mambo makubwa.

Mama wa Nguba, omba manivela siku ya kwanza. Usingoje ya tatu kama mimi. Wenyewe hawatakupa, kwa kuwa wanakuheshimu, na wewe hutaomba kwa kuwa unawaheshimu, na wiki itapita mmekaa mkitazamana juu ya vikombe.

Ujue tu jambo la kizingiti. Mnaposhuka kwenye loki, chini ya mlango wa nyuma kuna kizingiti cha mawe, na ukutani wamechora mstari mweupe kuonyesha kinapoishia. Nyuma ya boti ikikaa juu ya kizingiti hicho, maji yanaposhuka mbele inakwenda chini na nyuma inabaki imening'inia. Hapo ndipo boti hizi huzama kweli. Aliye juu mwenye manivela ndiye anayeona kwanza. Ukiona mstari uko mbele ya usukani, funga kilango na upige kelele kwa Kiswahili, watakuelewa.

Na nikuambie kilichonifurahisha kuliko vyote. Nahodha wetu hakuwa baba mkwe. Alikuwa mama huyo, wakati ule ana miaka 71, amesimama nyuma, mkono kwenye kile kipini kirefu cha usukani. Miaka yangu yote bandarini sikuona mwanamke akishika usukani. Wanawake tuliuza tiketi, tuliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, tulibeba mizigo ya watu mgongoni. Jioni binti yangu alinitafsiria habari za zamani. Boti hizi zilibeba makaa ya mawe na bidhaa, zikivutwa na farasi aliyetembea kwenye njia ya kando, ndiyo maana njia hiyo bado ipo. Baba, mama na watoto waliishi katika chumba cha nyuma chenye urefu wa mita 3 hivi, ili nafasi yote iliyobaki iwe ya mzigo. Na wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, wanaume walipopungua, wanawake vijana walifunzwa kazi hiyo na kuendesha boti zilizojaa chuma na makaa kati ya London na Birmingham. Sikulala mapema usiku ule.

Kesho yake nilishika kipini mimi. Unasukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Na haigeuki kwa pua kama gari, inageukia kiunoni, kwa hiyo mbele ikielekea huku, nyuma inafagia kule. Tulikuwa tumepita Earith na kuingia mto unaoitwa Old West, mwembamba, unaojipinda sana, ambako unaweza kwenda saa nzima bila kukutana na mtu. Pande zote ni ardhi tambarare, iliyokuwa kinamasi mpaka karne ya 17, Mholanzi Cornelius Vermuyden alipoongoza kazi ya kuikausha. Udongo ule mweusi ukikauka unasinyaa, basi mashamba yameshuka, na mto sasa uko juu yake kati ya kingo zilizoinuliwa. Nimezaliwa milimani, Mama. Kutazama shamba lililo chini ya mto kulinishangaza kuliko magorofa ya London. Korongo alisimama majini asiondoke hata tulipompita. Bata maji weupe walikuja dirishani kuomba mkate.

Mchana wa tano tuliona katedrali ya Ely kwa mbali sana, kisha ikawa inakuja na kuondoka, kushoto, kulia, kwa vile mto unazunguka. Mnara wa katikati ulianguka mwaka 1322, na badala yake walijenga kuba la pembe nane, la mbao, mwanga unashuka kutoka juu. Niliwasha mshumaa pale kwa ajili ya wale wa daftari langu. Nawe ukifika, washa wa mdogo wako. Ni kanisa la Kianglikana, lakini wakatoliki tunaingia na kusali. Jina la mji, wanasema tangu zamani, linatokana na mikunga waliokuwa wakivuliwa humo, jambo ambalo mtu wa ziwani analielewa mara moja.

Jioni ndizo za watu. Boti zetu zilikuwa saba, wote ni wa chama kimoja cha wenye boti, wengi wastaafu: mwalimu, fundi wa simu, muuguzi. Nafasi ya ukingoni ikiwa ndogo wanafunga boti ubavu kwa ubavu, ya kwanza kwenye vigingi vya chuma vilivyopigwa ardhini, nyingine kwenye ya kwanza. Wa mwisho anavuka boti za wenzake ili afike nchi kavu. Anapita mbele, kwa hatua nyepesi, wala hachungulii madirishani. Halafu kila mtu anatoka na kiti chake na sahani yake. Mwezi wa sita jua linakuwepo mpaka saa tatu usiku, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kulala. Mmoja alipiga gita. Walimuuliza mzee wangu habari za Kivu, akachora ziwa lote kwenye karatasi, na Idjwi katikati, na Ruzizi ikitoka kwenda Tanganyika, na karatasi hiyo wameitundika ndani ya boti.

Nami nilipika bugali. Unga wa muhogo binti alinunua kwenye duka la Waafrika, sombe pia, majani ya muhogo, iliyogandishwa. Nyama usibebe kutoka hapa, wataichukua uwanja wa ndege. Nilisonga kwenye jiko la gesi la mafiga manne huku boti ikitikisika kwa kila msongo, na watu kumi na wawili wakala kwa vidole, wakijifunza kufinyanga tonge. Muuguzi alirudi mara tatu.

Beba sweta mbili na koti la mvua. Sisi wa Bukavu baridi ya usiku tunaijua, ila ile inakuja na mvua ya mchana kutwa. Viatu viwe bapa, vyenye soli ya mpira. Kuhusu kikwembe, nilikivaa juu ya suruali, na kwenye loki nilikikunja na kukifunga kiunoni. Kamba zinakamata nguo, nawe una mtambo unaozunguka karibu. Heshima yako haitapungua. Na mvua ikiwa kubwa, mto ukapanda, watasema leo hatuendi. Usione ni uvivu. Manahodha wangu wangekuwa na moyo wa kusema hivyo, daftari langu lingekuwa jepesi.

Panda, Mama. Siku ya kwanza kaa ndani mpaka tumbo litulie, shika mkono wa mzee. Ukirudi niandikie ulikaa mbele au nyuma.

*Mama wa Bandari, mimi ni fundi wa kuchomelea chuma hapa Panzi. Nimeona picha za boti hizo za Waingereza. Je, tukitengeneza moja tukaiweka Kivu kwa ajili ya watalii, itafaa? Na kule wanadai leseni ya kuendesha? — Kijana wa Panzi*

Mwanangu, hapana kwa la kwanza. Tumbo la boti ile ni bapa na ubavu wake uko chini sana, karibu na maji. Imetengenezwa kwa maji yaliyolala. Ikipigwa ubavuni na mawimbi yetu ya alasiri itajaa. Kama unataka kazi ya chuma yenye faida ziwani, tengeneza vyombo vyenye ubavu mrefu, uandike ukutani idadi ya watu kwa rangi isiyofutika.

La pili: mwendeshaji wa matembezi binafsi haombwi leseni yake mwenyewe. Boti ndiyo inayolipiwa kibali cha kuwa majini na kukaguliwa gesi, mafuta na umeme wake, na ukiikodi wanakufundisha pale pale kabla ya kukuachia kamba. Mkikutana na chombo kingine, kila mmoja anakaa kulia.